Baba Joash Analala kwa Hezekiah

Shieywe, Kakamega
9 Mei 1965

Kwa wifi yangu Sellah,

Nakusalimu wewe na kaka Philemon, pamoja na mahindi yenu na ile ng'ombe yenye pembe moja. Sisi huku tunapumua. Mvua ya Kakamega unaijua: asubuhi jua linatudanganya tuanike nepi, ikifika saa nane mawingu yanatoka upande wa msituni, meusi kama sufuria ya shule, na mimi nakimbia kuanua. Tangu Joash azaliwe sijaona nepi iliyokauka sawasawa. Mtoto mwenyewe ni mnene, sauti anayo, na usingizi anaoujua ni wa kulala mgongoni mwa mtu anayetembea.

Mama anakusalimia. Ameketi hapa karibu nami anachambua mboga, na ananiuliza mbona naandika huku natabasamu. Nimemwambia nakusalimia.

Sasa wifi, nisikilize. Nashukuru sana mlivyomruhusu Mama aje anisaidie. Wiki zile za kwanza bila yeye ningekufa. Lakini unaijua nyumba yetu ya serikali: chumba cha mbele, chumba cha nyuma, basi. Mama alipoingia kwa mlango, Baba Joash alitoka kwa dirisha. Nakwambia kweli, dirisha. Alichukua blanketi na wembe wake akaenda kwa Hezekiah, yule kijana wa Jeshi la Wokovu anayekaa safu ya mwisho. Huko ndiko analala mpaka leo, kwa sababu hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe wake, na Mama naye hawezi hata kuona viatu vyake bila kujifunika uso kwa leso.

Na huyo Hezekiah anafanyanga mazoezi ya tarumbeta kabla ya jogoo. Mume wangu anafika kwa ofisi ya kilimo macho mekundu, na watu wanadhani ni pombe.

Naomba kaka Philemon aje amchukue Mama. Mimi siwezi kumwambia mama yangu aende. Nitafungua mdomo aje? Lakini kaka akija aseme anamhitaji shambani, hakuna mtu atakayeumia. Wakati wa palizi umefika, si ndiyo?

Ni mimi,
Beldina, Mama Joash

---

Lugari
30 Mei 1965

Mpendwa Mama Joash,

Barua yako ilikaa kwa duka la Mhindi mpaka mtoto wa jirani akaiona ikiwa imefungiwa sukari. Bahati ni kwamba walifunga kwa bahasha tu. Tumefurahi kusikia Joash ni mnene. Mbusu kwa niaba yangu, shingoni pale penye mikunjo.

Huku mahindi yamefika magotini. Ardhi ya hawa wazungu waliotoka ni nyeusi, ukidondosha kifungo cha shati kitaota. Asubuhi ukungu unalala bondeni na ng'ombe wanaonekana vichwa tu. Ningependa uone.

Kuhusu Mama: wifi, daraja limechukuliwa na maji. Basi haipiti. Halafu Philemon ana kikohozi. Si kibaya, ni kile cha vumbi. Halafu palizi tumemaliza, tulisaidiwa. Kwa hiyo Mama asijisumbue. Akae tu na mjukuu wake, mpaka mavuno hivi.

Mimi niko sawa. Mgongo tu kidogo.

Wako,
Sellah Nekoye

---

Shieywe
13 Juni 1965

Wifi Sellah,

Salamu za upendo, na pole kwa mgongo, na pole kwa kikohozi cha vumbi wakati mvua inanyesha kila siku.

Mpaka mavuno! Sellah, mavuno ni Novemba. Ikifika Novemba mume wangu atakuwa anapiga tarumbeta.

Acha nikueleze tunavyoishi. Jioni akitoka kazini Baba Joash anakuja anasimama nje, chini ya dirisha, ameangalia barabara kama askari. Mama yuko ndani na mjukuu wake. Hawawezi kusemezana, kwa hiyo wote wawili wanasema na Joash.

"Joash," Mama anasema, "mwambie baba yako kuni zimekwisha."

"Joash," anajibu mwenye nyumba huko nje, "mwambie kukhu wako nimesikia."

"Joash, mwambie baba yako zile alizoleta juzi zilikuwa mbichi, zimetutoa machozi."

"Joash, mwambie kukhu naomba msamaha."

Na Joash, ambaye hata shingo haijakaza vizuri, anatoa mate. Mimi niko katikati na mwiko, ninatamani kucheka na kulia. Sahani ya Baba Joash napitisha dirishani. Juzi nilimpikia kuku, ingokho yenyewe, nikamwekea firigisi juu kama mtu anayeheshimiwa, na mvua ikaanza. Alikula amesimama chini ya paa la choo, mchuzi ukiongezeka tu.

Hayo ni ya nyumbani. Jumamosi alikuwa sokoni akaona leso ya Mama inakuja, ile ya manjano. Akaruka ndani ya kibanda cha kinyozi akaketi. Kinyozi akamwambia, bwana, nilikunyoa juzi. Akasema, nyoa tena. Sasa kichwa chake kinang'aa kama yai, na ofisini wanamuuliza nani amefariki.

Halafu Jumapili, kanisani Mukumu. Tulikuwa tumepanga vizuri, Mama aende misa ya kwanza, yeye ya pili. Lakini Mama alichelewa kwa sababu ya nepi, na Baba Joash hakujua. Alisimama kwa foleni ya komunyo, mikono ameikunja, anasogea taratibu, na alipoinua macho akaona mgongo ulio mbele yake ni wa nani. Wifi, aligeuka pale pale! Aliipita foleni yote akirudi nyuma, kichwa kinang'aa, kanisa zima linatazama. Mpaka tunatoka nje walikuwa wamekubaliana ana dhambi kubwa ya kutisha, walichobishana ni ipi tu. Jumatatu katekista alikuja nyumbani na sauti ya msibani akauliza, "Mama Joash, mwanangu, anakupiga?"

Usicheke. Au cheka, lakini ukimaliza mwambie kaka aje. Daraja likikosa, kuna kivuko cha juu kwa miguu, nilipita huko mwaka jana na tumbo.

Nakosa mume wangu, Sellah. Sikuwa nimepanga kuandika hilo. Nakosa vile anavyovua viatu na kuuliza ugali uko wapi na ugali uko mbele yake.

Beldina

---

Lugari
27 Juni 1965

Mpendwa wifi,

Salamu. Nimecheka mpaka nikaambiwa nilale chini. Pole kwa Baba Joash na nywele zake.

Ile nyumba ndogo ya Mama, mvua ya mawe imeangusha paa upande mmoja. Kwa hiyo hata akija hana pa kulala. Tafadhali usimlete kwanza. Philemon anasema vivyo hivyo. Hawezi kuandika, yuko na kazi.

Siandiki mengi, mgongo.

Sellah

---

Shieywe
4 Julai 1965

Sellah,

Nakusalimu. Joash amecheka kwa sauti Jumatano, alikuwa anaangalia mwavuli.

Sasa nakuandikia kama dada, na kama mtu asiyelala. Chrispinus, yule dereva wa lori la mbao aliyesoma na kaka, alipita hapa Ijumaa. Nilimuuliza daraja limekuwaje. Akasema daraja gani? Nikamuuliza kaka anaendeleaje. Akaangalia chini, akasema, "Philemon yuko, ila siku hizi ananuka mahindi." Nikambana na chai na mandazi mpaka akatoa yote: ati kaka yangu analala kwa ghala la mahindi, juu ya magunia, na panya wamemtafuna kidole cha mguu.

Sellah, umemfukuza kaka yangu kitandani? Kama mmegombana, useme. Kama kuna mke mwingine ameingia, useme, nitakuja mimi mwenyewe na mtoto mgongoni nimuulize Philemon mbele ya watu. Sitachukua upande wa damu yangu bila kusikia. Wewe ulikuja kwetu ukiwa msichana wa kuogopa bata, nimekupenda tangu siku hiyo. Lakini hizi habari za daraja na paa na vumbi, mimi nimezaa, sijapumbaa.

Halafu kuna jambo lingine. Mama anataka nimsomee kila barua yako, na mimi ninambadilishia. Pale uliposema asije, nilisoma "tunamkumbuka sana." Ukiandika ya panya itabidi nisome nini? Nimeishiwa na maneno.

Niandikie ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Beldina

---

Lugari
18 Julai 1965

Wifi yangu wa roho,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kwanza, hakuna mke mwingine. Nani atamtaka na kidole kile?

Ukweli ni huu. Mama yangu mzazi yuko hapa, Mama Ayuma, tangu Aprili. Philemon hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake, kwa hiyo yuko ghalani. Nyumba ya Mama tungempa Mama Ayuma, lakini paa lilianguka kweli, hilo sikudanganya. Vile Baba Joash anasimama dirishani kwako, ndivyo kaka yako anavyosimama kwangu. Sisi hatuna mtoto wa kusemea, kwa hiyo wanasema na paka. "Paka, mwambie mwenye boma ng'ombe amevunja ua." Ulipoandika yale ya Joash nilicheka kwa uchungu.

Unajua kwa nini mama yangu alikuja. Hayo mambo kwetu hayaandikwi. Zile mbili za kwanza niliwaambia watu mapema, na unakumbuka tulizika nini. Hii sikumwambia mtu. Mgongo ni huo. Imefika miezi ya mbali sasa, Beldina, inapiga teke. Nimeogopa hata kalamu.

Na nilimzuia Mama yako kwa aibu. Nyumba moja, mama wawili, na mimi nimelala kama mgonjwa, angeona nimemleta mama yangu achukue nafasi yake. Lakini nikwambie kitu? Nimechoka na mama yangu. Ananipenda mpaka ninashindwa kupumua. Nikilala analia, nikisimama analia, mtoto akicheza anapiga magoti anaanza rozari. Namtamani Mama yako. Yeye angesema, "Amka Sellah, unywe uji, acha mchezo."

Usimwambie. Ama mwambie. Wewe ndiye unajua.

Sellah

---

Shieywe
1 Agosti 1965

Sellah, Sellah, mpenzi wangu,

Nililia kwa nepi iliyooshwa, nikaifua tena. Sitaandika lile jambo kwa jina. Ninaliombea kila nikinyonyesha, na unajua ninanyonyesha mara ngapi.

Nisamehe ile barua ya ukali. Lile la bata sitaliondoa, maana ni kweli.

Sasa sikia yaliyotokea. Barua yako ilifika siku kumbikumbi walipotoka. Mama alikuwa uani na vijiti viwili, anagonga gonga gogo ili wadhani ni mvua, safu yote ya makarani wamekusanyika na wake zao na mabakuli, hata katekista alikuwepo. Mimi nilisoma nikiwa jikoni. Aliporudi na kumbikumbi tele ndani ya leso, akaniona uso.

"Soma," akasema.

Nikaanza: "Mpendwa wifi, sisi ni wazima, tunakusalimu..."

"Beldina."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu Mei wifi yako anaandika karatasi mbele na nyuma. Wewe ukisoma inakuwa salamu tu. Mimi sikusoma shule, lakini naweza kuona karatasi imejaa."

Nilimwambia yote, Sellah. Habari yako nilimwambia sikioni, kama inavyotakiwa. Alipepeta kumbikumbi, mabawa yakaruka nyumba nzima, mpaka kwa nywele za Joash. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Philemon na panya! Na huyu wako na kinyozi!" Kumbe ya kinyozi alikuwa anaijua. Alimwona akiruka, akapita polepole makusudi ili anyolewe vizuri.

Nikamuuliza, "Kama unayajua, Mama, mbona hukuenda?"

Akaacha kucheka. "Wewe ndiye uliniita. Ulituma mtu akaniambia huwezi. Mimi nilikuwa nangoja uniambie umeweza. Ningeondoka vipi bila hilo neno? Ungesema mama yako alikuacha na mtoto mbichi."

"Nilidhani nikisema nitakuwa nimekufukuza."

"Na mimi nilidhani bado unaogopa niondoke. Mgongo wangu umekufa kwa hii sakafu yenu ya simiti."

Basi, tumekaa miezi, mimi nikimstahi yeye, yeye akinistahi mimi, na watu wazima wawili wanakula chini ya paa la choo na kulala na panya. Nikaweka Joash magotini mwake, nikasimama wima kama mbele ya mwalimu, nikasema, "Mama, nimeweza."

Akaniangalia kutoka miguuni. Gauni langu lina maziwa mabegani, nywele sijasuka tangu Pasaka. Akasema, "Hujaweza sana. Lakini umeweza." Ndipo nikalia kabisa.

Haya, alivyoamua ni hivi, na ameamua kama chifu. Anakuja huko Jumatano na basi la asubuhi. Paa Philemon alirekebishe, hata kwa turubai, maana ghalani ametosha. Mama Ayuma asijione amefukuzwa: mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba umeweza kidogo na sasa unamwachia mwenzake zamu. Nyumbani kwake ni Mukumu, atapita hapa kwangu, apumzike juma moja amshike Joash. Nilimuuliza Mama, na Baba Joash atakimbia tena? Akasema, "Kwa nini? Yule si mkwe wake. Ng'ombe wa mahari wa mumeo Cleophas hawajui njia ya kwa Ayuma."

Anabeba kumbikumbi waliokaushwa. Usiwakatae, ni dawa ya mgongo, ndivyo anavyosema.

Beldina

---

Lugari
15 Agosti 1965

Mama Joash,

Mama alifika. Hakusalimu hata mtu, alisimama mlangoni akasema, "Sellah, nani amekwambia mimba ni malaria? Amka unywe uji." Nimeamka. Nimekaa nje juani naandika hii, mbele yangu mahindi yametoa nywele nyekundu na kuna upepo. Nilisahau shamba letu lina upepo.

Mama yangu nilimwambia kama ulivyosema. Alilia, kama kawaida, halafu akafunga mizigo haraka kuliko nilivyotegemea. Nafikiri naye alikuwa anangoja. Philemon amerudi ndani. Bado ananuka.

Mama Ayuma yuko njiani na kuku wawili. Mkaribishe.

Sellah

---

Shieywe
22 Agosti 1965

Wifi Sellah,

Nawasalimu nyote, na yule ambaye jina lake bado. Joash ana jino. Alinionyesha kwa kuning'ata.

Mama yako alifika salama Jumatatu mchana, na mvua nyuma yake. Kabla hajaketi nilimpa chai, nikamwambia mapema ili tusirudie makosa: "Mama, mimi nimeweza. Wewe ni mgeni. Siku utakayotaka kwenda, sema, na mimi nikichoka nitasema." Alifurahi sana. Kumbe hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Tangu hapo amekuwa mgeni kweli, hajagusa hata sufuria. Ananywa chai na kumwimbia Joash nyimbo za Bikira Maria, na mtoto, amini usiamini, analala.

Sasa Baba Joash. Mama alipoondoka yeye alikuwa safari ya kazi mashambani, akarudi Jumatatu hiyo hiyo, nikamtumia habari ofisini, Mama ameshaenda, rudi nyumbani. Hakungoja saa ya kutoka ifike. Nilimwona dirishani anakuja na blanketi begani na wembe mfukoni, nywele zimeota kidogo, anatembea kama bwana arusi. Hezekiah alikuwa anamsindikiza na tarumbeta. Sikuwa nimemwambia habari ya Mama Ayuma, nilisahau. Kusahau ndiyo kazi yangu siku hizi. Amefika mlangoni, amevua kiatu kimoja, akaona leso ya mama mzee kitini.

Wifi, alikimbia! Na kiatu kimoja! Kwa desturi tu, miguu yenyewe ilikuwa imezoea. Hezekiah naye akakimbia bila kujua ni nini.

Mama yako, mwenye magoti mabaya, alitoka mpaka barabarani kwa mvua akapaza sauti, Shieywe yote ikasikia: "Wewe kijana! Unanikimbia kwa nini, nilikupa msichana mimi? Ng'ombe wako hata mmoja hajakula nyasi yangu! Rudi hapa!"

Milango ilifunguka safu yote. Baba Joash akasimama katikati ya matope. Akarudi pole pole, ameinamisha kichwa, na Mama Ayuma akamnyooshea mkono mbele ya watu wote. Aliuangalia ule mkono kama mtu anayeonyeshwa moto. Halafu akaushika. "Basi," mama yako akasema, akaanza kulia, "nyumba ni yako, ingia, utapata kikohozi."

Mama Ayuma akamchukua Joash akaenda naye chumba cha mbele. Mimi nilikuwa jikoni nageuza ugali. Baba Joash akaingia, maji yanamtoka, blanketi limelowa, kiatu mkononi. Akasimama. Miezi hii yote nilikuwa nimepanga nitakachosema. Yeye ndiye alianza. Aliangalia ukuta, akasafisha koo.

"Joash," akasema, "mwambie mama yako nimefika."

Joash hakuwepo. Tulikuwa sisi wawili tu na mwiko.

Nikamwambia, "Niambie mwenyewe."

Beldina